Verckys: Mpuliza saksafoni aliyetaka kumiliki muziki wake

WAPENZI wa muziki wa Kilingala wanaoketi jioni katika baa za Nyamasaria, pale barabara kuu ya kutoka Nairobi inapokaribia mji wa Kisumu, huutambua wimbo wa zamani wa Kongo kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Wengi huutambua kwa gitaa, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa ufuo huu wa ziwa ndio nyumbani kwa benga, muziki ambao gitaa ndilo mfalme wake. Waliokula chumvi nyingi husubiri sauti nyingine, ile ya saksafoni yenye mkwaruzo inayoingia katikati ya wimbo kama mtu aliyechoka kungoja zamu yake ya kusema.

Katika nyimbo nyingi za kati ya mwaka 1963 na miaka ya 1970, sauti hiyo ni ya Kiamuangana Mateta, aliyejulikana kama Verckys. Alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 78. Wanaomkumbuka humsifia pumzi zake, na ni haki yao. Hata hivyo, kilichomtofautisha na wapulizaji wenzake ni kwamba alitambua mapema udhaifu wa kazi yake, akautafutia dawa.

Udhaifu huo unafahamika kwa yeyote aliyewahi kuitazama bendi ikiwa jukwaani. Mpiga gitaa anaweza kuimba huku akipiga. Anaweza kuzungumza na hadhira, kumtania mwimbaji na kuiamuru ngoma ibadilike, vidole vyake vikiendelea na kazi. Mpuliza saksafoni kinywa chake kimeshughulika. Akipuliza, hasemi, akisema, hapulizi. Kwa hiyo bendi ya dansi inayoongozwa na mpulizaji hutambulika kwa sauti ya mtu mwingine, naye mwimbaji huyo akiondoka, huondoka na sehemu kubwa ya jina la bendi.

Nchini Marekani tatizo hili lilipata nafuu katika zama za swingi, yaani ule mtindo wa jazi wa dansi uliotamba katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa ile ya 1940. Viongozi kama Benny Carter, Jimmy Dorsey na Woody Herman, wote wapuliza saksafoni, walikuwa na bendi kubwa zenye safu za saksafoni, tarumbeta na tromboni. Muziki wenyewe ulijengwa juu ya ala za kupuliza, na mwimbaji alipewa sehemu yake kisha akaketi.

Mtindo huo ulifika pia Ubelgiji, mkoloni wa Kongo. Fud Candrix, mpuliza saksafoni Mbelgiji aliyeongoza bendi kubwa ya swingi na kurekodi pamoja na mpiga gitaa mashuhuri Django Reinhardt mwaka 1942, alifika Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, katika miaka ya 1950 na kupuliza katika studio za huko. Saksafoni ilikuta rumba tayari inachezwa. Haikuipindua, ilijifunza kuwajibu waimbaji, kujaza nafasi wanapopumua, na kupokea usukani wimbo unapofika kwenye chemko. Wapulizaji kama Jean Serge Essous na Isaac Musekiwa, huyu wa pili akitoka Rhodesia ya Kusini, ndio walioipa nafasi hiyo katika bendi za Kongo.

Verckys alizaliwa tarehe 19 Mei 1944 huko Kisantu, magharibi mwa Kongo, akapewa jina la Georges. Elimu yake ya kwanza ya ala za kupuliza aliipata katika bendi ya kanisa la Kimbangu, ambako vijana hufundishwa nidhamu ya kupuliza kwa pamoja. Nje ya kanisa alimhusudu Mmarekani King Curtis, ambaye saksafoni yake ilinguruma na kukoroma badala ya kubembeleza. Inasimuliwa kwamba jina "Verckys" lilitokana na "Curtis" lililosikika vibaya. Kosa la sikio likazaa jina ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, aliingia OK Jazz, bendi iliyoongozwa na mpiga gitaa Franco Luambo Makiadi. Katika kipindi cha miaka sita alipanda hadi kuwa mmoja wa nguzo zake. Anayezisikiliza kwa makini rekodi za OK Jazz za wakati huo atagundua kuwa saksafoni haikuwa pambo. Ilibishana na gitaa la Franco, nalo gitaa likajibu. Ni ubishi mtamu, lakini ulikuwa ubishi.

Mwaka 1968 Franco alisafiri kwenda Ulaya. Akiwa huko, Verckys aliwachukua baadhi ya wanamuziki wa bendi hadi studioni, wakarekodi nyimbo kwa ajili yake bila mwenye bendi kujua. Franco aliporejea, uhusiano wao ukavunjika, na mwaka 1969 Verckys akaondoka. Mtu anaweza kukiita kitendo hicho usaliti, na katika maadili ya bendi kilikuwa hivyo. Lakini chanzo chake kinaeleweka. Katika bendi za wakati ule, ala zilikuwa za mwenye bendi, mkataba wa rekodi ulikuwa wake, na mwanamuziki alitegemea mshahara au hisani. Mtunzi angeweza kuusikia wimbo wake redioni kila asubuhi huku akidaiwa kodi ya nyumba.

Mwaka huohuo wa 1969 Verckys aliunda Orchestre Vévé. Sambamba na bendi alikuwa na nembo yake ya rekodi, Éditions Vévé, na miaka iliyofuata akajipatia studio. Mpangilio huo ndio uliokuwa dawa ya ule udhaifu. Mwimbaji angeweza kuondoka na sauti yake, lakini gitaa, ngoma, vipaza sauti, nembo na rekodi zingebaki kwa mpulizaji.

Nao waimbaji waliondoka kweli. Vijana watatu walioipa Vévé sura yake ya mwanzo, Matadidi Mabele "Mario", Loko Massengo "Djeskain" na Bonghat Tshekabu "Sinatra", walijitoa mwaka 1972 wakaunda Sosoliso, wakijiita Trio Madjesi kwa kuunganisha silabi za majina yao. Alichomtendea Franco sasa alitendewa yeye. Vévé haikufa. Bwana mwenye ala alitafuta waimbaji wengine, na wakati huo alikuwa tayari anawekeza katika bendi za vijana: Bella Bella ya ndugu Soki, Lipua Lipua, Orchestre Kiam. Nyboma Mwan'dido, ambaye Wakenya wengi walimjua baadaye kwa sauti yake nyembamba, alipitia Bella Bella na Lipua Lipua. Hata mwaka 1981, ilipozaliwa Langa Langa Stars ya Evoloko, mkono wa Verckys ulikuwamo.

Je, aliwakomboa wanamuziki au aliwafunga kwa kamba mpya? Yote mawili yana ukweli. Kijana wa Kinshasa asiye na gitaa alipewa gitaa, akapewa studio, akasikika mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini bendi yenye ala za kuazima hucheza chini ya masharti ya mwenye ala, na Verckys, aliyekimbia masharti ya Franco, naye hakuwa mtu wa kugawa ufunguo wa ghala.

Wimbo uliomtoa katika kundi la wafanyabiashara wa kawaida ni "Nakomitunaka" wa mwaka 1972, jina lenye maana ya "najiuliza". Ndani yake mtu mweusi anauliza asili yake, na kwa nini katika picha za kanisani watakatifu na malaika ni weupe ilhali shetani ndiye aliyepakwa rangi nyeusi. Wakati wenyewe ulikuwa wa moto. Kongo ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Zaire Oktoba 1971, Rais Mobutu Sese Seko alikuwa akiwataka raia waache majina ya Kizungu, na Kadinali Joseph Malula alikuwa amegongana naye hadi akalazimika kwenda Roma. Wapo wanaousikia wimbo huo kama utumishi kwa serikali. Hilo haliridhishi sana, kwa kuwa swali lenyewe lingeulizwa na mtoto yeyote aliyekaa kwenye benchi la kanisa akitazama ukutani, Kisantu au Kisumu.

Siasa hizohizo zilimwonyesha Verckys mpaka wa umiliki. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa biashara za wageni ili zikabidhiwe wananchi, na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri cha MAZADIS kikaangukia mikononi mwa Franco. Mtu alikuwa na bendi, nembo na studio, lakini mlango wa mwisho kabla ya sokoni ulikuwa wa mpinzani wake. Verckys hakurudi nyuma. Mwaka 1978 alifungua Vévé Centre mjini Kinshasa, jengo la burudani na biashara ya muziki, na baadaye akaongoza chama cha wanamuziki wa Zaire. Kadiri biashara ilivyokua, saksafoni ilisikika kwa nadra zaidi, na hapo ndipo msikilizaji ana haki ya kunung'unika.

Kwa wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria, habari hizi si za mbali. Nairobi nayo ilikuwa na kiwanda cha santuri, na muziki wa Kinshasa ulisafiri magharibi mwa Kenya kwa redio, kwa sahani na kwa bendi za Wakongo zilizohamia nchini katika miaka ya 1970. Ochieng Kabaselleh, kiongozi wa Luna Kidi aliyefariki mwaka 1998, alijiita kwa jina la Joseph Kabasele, mwasisi wa African Jazz, na Musa Juma, aliyefariki 2011, aliirejesha rumba katika Kijaluo kizazi kimoja baadaye. Benga ya Shirati Jazz na Victoria Jazz ilichagua njia yake, magitaa yakifuata nyendo za nyatiti, na ala za kupuliza hazikupata makao makubwa humo. Ng'ambo ya mpaka, Kampala, mpuliza saksafoni Moses Matovu aliianzisha Afrigo na wenzake mwaka 1975, na bendi hiyo ikadumu kwa nusu karne. Hivyo si lazima kila mpulizaji awe tajiri ndipo bendi yake isimame.

Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Verckys na Orchestre Vévé za kati ya 1969 na 1978. Vijana wa Ulaya waliozaliwa baada ya Vévé kunyamaza walianza kuzicheza. Mkusanyiko huo ulimkuta mwenyewe akiwa hai. Miaka minane baadaye alifariki, siku moja baada ya kutimia miaka 33 tangu kifo cha Franco, aliyeaga dunia tarehe 12 Oktoba 1989.