Orodha Isomwe Mkutanoni

Mkulima wa bonde la Rufiji ana makazi mawili. Nyumba yake iko juu, kwenye ardhi kavu, ambako Serikali iliwahamishia watu wengi baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Shamba liko bondeni. Msimu wa mpunga ukifika, familia huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Msaada wa maafa ukija, hesabu huharibika hapo: karatasi inauliza nyumba ngapi zimebomoka, ilhali kilichozama ni shamba.

Aprili 2024 maji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na Serikali ikapeleka chakula na mbegu. Wengi waliita msaada huo fidia. Sivyo. Fidia hutanguliwa na mthamini, hukokotolewa kwa thamani ya mali iliyopotea. Msaada chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji, ni wa kumvusha mtu tu. Pasipo mthamini, kinga ya mkulima ni moja: orodha ya majina ya wapokeaji, na nani ameiona.

Kwa hiyo, kabla lori la msaada halijafika, orodha isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji: jina, kitongoji, ekari zilizozama, kilo za mbegu. Majirani wanajua nani alilima wapi. Mjane mwenye kipande chake na kijana aliyeazima shamba watasimama waseme wamesahauliwa. Mgao ukiisha, isomwe tena, pamoja na kiasi kilichopokelewa kutoka wilayani na kilichobaki ghalani. Si jambo geni. Majina ya kaya maskini za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, yamekuwa yakipitia mkutano wa kijiji vilevile. Kwenye delta ya Kibiti, mathalani Salale au Mbuchi, mashua husubiri maji kujaa, basi mkutano upangwe kwa bamvua na maji mafu, usipangwe kwa ratiba ya ofisi.

Faragha nayo ina haki yake. Mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kutangaza kwenye intaneti jina la kila mkulima aliyelipwa ruzuku, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ekari na kilo zinatosha. Namba ya simu na ugonjwa wa mtu vibaki kwenye faili.

Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilitufundisha kwa uchungu kwa nini hesabu za msaada zisomwe hadharani. Maofisa wawili waliondolewa kazini kwa madai ya kufungua akaunti yenye jina kama la akaunti rasmi ya michango. Miezi michache baadaye, waathirika waliotarajia nyumba wakaambiwa michango inajenga shule na miundombinu ya umma. Uamuzi huo una hoja zake, lakini ulipaswa kutangazwa siku sanduku la kwanza la michango lilipofunguliwa.

Rufiji na Kibiti zisisubiri maji mengine. Vitongoji viandikishe mashamba wakati wa mlau, msimu wa kulima maji yakiwa yamepungua, kila mtu yuko shambani kwake na mipaka inaonekana.