"Hatari!": Picha ya Senema, Nguo za Kaki na Ugali wa Ulezi

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: HATARI. Haya, wote lisomeni kwa sauti.

Vyema. Hilo ndilo jina la picha ya senema ya Marekani iliyotoka mwaka 1962. Watengenezaji wake wangeweza kuipa jina la Kiingereza, lakini walichukua neno letu. Basi ninyi mmekwisha kusoma jina la picha iliyotazamwa katika nchi nyingi.

Ilipigwa Tanganyika, kabla ya Uhuru wa 1961, na baadhi ya sehemu zake ni Momella, karibu na Mlima Meru. Mwongozaji alikuwa Howard Hawks, na mwigizaji mkuu John Wayne. Wanakamata wanyama hai wa kupelekwa katika bustani za wanyama. Gari linamfukuza kifaru, na mtu ameketi mbele kabisa, nje, ameshika ufito wenye tanzi. Mwanzoni tu kifaru anamchoma mmoja wao pembe mguuni.

Tazameni mavazi yao: mashati ya kaki, mifuko mingi, kofia pana za kuzuia jua. Elsa Martinelli, anayecheza kama mpiga picha kutoka Italia, naye huvaa suruali kazini. Sisi kaki tuliijua zamani kwa askari na mabwana shamba. Kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuuza mbuzi wake ili anunue kofia kama ya John Wayne.

Tena mbuzi huyo mna haja naye. Katika picha hiyo ndama wa tembo anabaki yatima, na lazima apate maziwa. Wanaume wale mashujaa wa vifaru wanahangaika kukusanya mbuzi na kuwakamua! Hapo watazamaji hucheka sana. Ndiyo maana chakula ninachowachagulia jioni ya kutazama picha hiyo ni ugali wa ulezi na maziwa ya mgando.

Maziwa yachemsheni kwanza, yawe ya mbuzi au ya ng'ombe. Wako wasemao kwamba yakichemshwa hayagandi vizuri, si kweli. Maziwa mabichi yaweza kumletea mtu ugonjwa uitwao bruselosisi: homa inayokwenda na kurudi, jasho, viungo kuuma. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa isiyofaa. Wala msitegemee kwamba kuganda kutaua vijidudu hivyo. Yakisha kuchemka, yaacheni yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tieni vijiko viwili vya mgando uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, funikeni, yalale usiku kucha. Chombo kioshwe kwa maji ya moto.

Ugali hauna maneno mengi. Anzeni na uji mwepesi, utokote, ndipo muongeze unga mkisonga mpaka uive. Kina mama mnajua kunishinda. Hapa nasema na kina baba. Ulezi una kalisi nyingi, madini yanayojenga mifupa ya watoto.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: hatari, kifaru, kaki, ulezi, chemsha. Kwaherini mpaka kipindi kijacho.