Kiwanda Kilikuwa Mbali, Mlango Wake Ulikuwa Mjini

Mtu anunuapo samaki wa kopo dukani hulitazama kopo na bei yake. Ni nadra kuukumbuka mkono uliolijaza. Habari ya viwanda vya samaki wa samoni huko Alaska, kaskazini kabisa ya Amerika, yafaa ijulikane na kila mfanyakazi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini viwanda vingi vya huko vilisimama mahali pasipo mji, wala barabara, wala soko. Umbali huo ulikuwa silaha mkononi mwa mwajiri, na njia waliyoitumia wafanyakazi kumnyang'anya silaha hiyo ina mafundisho makubwa.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Viwanda vya mwanzo vilifunguliwa Alaska mwaka 1878, na mwaka 1893 wenye viwanda wengi walikuwa wamekwisha kuungana katika Alaska Packers Association, makao yake San Francisco. Kila mwaka baridi ilipopungua, merikebu za tanga za kampuni hiyo ziling'oa nanga zikiwa zimepakia makaa ya mawe, mbao, nyavu, mashua, unga, mchele, mabati ya kutengenezea makopo, na watu. Meneja alilazimika kukisia mapema samaki watakaopanda mtoni. Kasha moja lilichukua makopo 48 ya ratili moja moja. Akizidisha makisio, mabati yalibaki. Akipunguza, samaki walioza mbele ya macho yake.

Katika Ghuba ya Bristol samoni walio wengi hupita kwa majuma machache tu, kuanzia mwisho wa Juni hadi Julai. Wavuvi walitoka wawili wawili katika mashua za tanga; huko uvuvi kwa mashua za injini haukuruhusiwa mpaka mwaka 1951. Kiwandani samaki walikatwa vichwa, wakatolewa matumbo, wakaoshwa, wakakatwa vipande na kutiwa makoponi. Kisha makopo yakafungwa na kupikwa kwa mvuke mkali. Samaki hamngoji mtu. Msimu ulipopamba moto, watu walifanya kazi mpaka miguu ikavimba.

Je, ni nani waliofanya kazi hiyo? Wavuvi wa ghuba hiyo wengi walikuwa Wataliano na watu wa Skandinavia. Ndani ya kiwanda walikuwamo Wachina. Marekani ilipowafungia mlango vibarua wa Kichina kwa sheria ya mwaka 1882, waliokuwapo wakapungua na kuzeeka, na mahali pao pakachukuliwa na Wajapani, Wamexico na hasa Wafilipino. Yapata mwaka 1903 Edmund Smith wa Seattle alibuni mashine ya kukata na kusafisha samoni, nayo ikapewa jina la kumtukana Mchina. Mchina alinyang'anywa kazi, kisha akaachiwa tusi.

Kampuni haikumwajiri Mchina au Mfilipino moja kwa moja. Ilipatana na kontrakta mjini kwa bei ya kila kasha. Kontrakta ndiye aliyetafuta watu, akawakopesha fedha kabla ya safari, akawalisha, na akawalipa msimu ulipokwisha. Kila punje ya mchele iliyopungua sahanini iliongeza faida yake. Alilala nao hesabu hata usingizini: nguo na vitu vidogo vidogo waliuziwa kwa bei kubwa, na kamari ikaachwa istawi katika mabweni yao, yaliyotengwa na mabweni ya wazungu. Wengi walirudi na fedha kidogo, na wengine na deni. Mtu akinung'unika, meneja alimwambia aende kwa kontrakta. Na kontrakta alikuwa mjini, ng'ambo ya bahari. Ungemshtaki nani, na kwa njia gani?

Hata safari yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 20 Septemba, 1908, merikebu Star of Bengal ilivunjika miambani karibu na kisiwa cha Coronation ikirudi na wafanyakazi na shehena ya samoni. Walikufa watu zaidi ya 100, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwandani kutoka Asia.

Ndipo wafanyakazi walipotambua jambo moja kubwa. Kiwanda kilikuwa mbali, lakini mlango wa kukiingilia ulikuwa mjini, katika ofisi ya kontrakta. Juni 1933 Wafilipino wa Seattle waliunda chama cha wafanyakazi wa viwanda vya makopo na wa mashamba, Virgil Duyungan akiwa rais na Aurelio Simon akiwa katibu. Walidai watu waajiriwe kupitia chama chao. Tarehe 1 Desemba, 1936, viongozi hao wawili walipigwa risasi mkahawani mjini Seattle, wakafa. Chama hakikufa pamoja nao. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha, utaratibu wa makontrakta ulikuwa umevunjwa, na kazi zikapitia mikononi mwa chama. Meneja aliyekwisha kununua mabati na kutayarisha merikebu hakuweza kusafiri bila watu, wala kuwaamuru samoni wasubiri. Ule umbali aliojivunia ukawa udhaifu wake.

Tusiseme kwamba haki yote ilipatikana siku hiyo. Ubaguzi wa kazi na wa mabweni uliendelea hata miaka ya 1970, vijana wakaupeleka mahakamani. Na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu iliyowapa nguvu waajiri katika moja ya kesi hizo. Ushindi wa mfanyakazi hauhifadhiki wenyewe kama samaki koponi. Wahitaji kulindwa kila msimu.

Basi mfanyakazi asiulize mshahara tu. Aulize pia: ni nani aliyeniandika kazini, ni nani anilishaye, ni nani ashikaye hesabu yangu, na nikidhulumiwa nitamwendea nani? Asipojua majibu, kiwanda chake kiko mbali naye hata kikiwa mlangoni pake. Na majibu hayo hayatafutwi na mtu mmoja peke yake, maana kidole kimoja hakivunji chawa.