Onyesho bora au kanda bora? Sayansi iliyo ndani ya ubishi wa mashabiki wa Grateful Dead

Kuna ubishi ulioanza kabla sijazaliwa na hadi leo haujaisha. Swali lenyewe ni fupi: kati ya maonyesho takriban 2,300 ambayo bendi ya Grateful Dead ya California ilipiga kuanzia 1965 hadi 1995, lipi ni bora kuliko yote?

Watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaweza kukesha wakilijadili. Hawataji hata jina la mji, wanataja tarehe tu. Mmoja anasema "5/8/77", mwenzake anajibu "8/27/72", na wote wameelewana. (Angalizo kwa sisi wengine: Wamarekani wanaanza na mwezi. Hiyo ya kwanza ni tarehe 8 Mei 1977, si 5 Agosti. Mimi ilinipoteza siku nzima.)

Kwa nini blogu ya sayansi ihangaike na jambo hili? Kwa sababu ndani ya ubishi huu kuna kosa la kipimo ambalo nusura liniharibie shahada yangu ya uzamili.

Nilikuwa narekodi sauti za ndege alfajiri katika misitu miwili. Baada ya miezi minne nilikuwa na matokeo matamu: msitu wa kwanza una ndege wengi zaidi. Wiki tatu kabla ya kukabidhi rasimu nikagundua kwamba maikrofoni za msitu wa pili zilikuwa za toleo la zamani, zenye kelele kubwa zaidi ya ndani. Ndege waliokuwa mbali walikuwa wanazama kwenye kelele hiyo. Nikazibadilisha, za huku nikazipeleka kule. Msitu "wenye ndege wachache" ukajaa ndege asubuhi moja! Kumbe miezi yote ile sikuwa nalinganisha misitu. Nilikuwa nalinganisha maikrofoni.

Sasa rudi kwa mashabiki wetu. Wengi wao hawakuwepo ukumbini usiku wanaoubishania. Walichonacho ni kanda. Je, wanalinganisha maonyesho, au wanalinganisha kanda?

Kwa nini kila usiku ulikuwa tofauti

Kama umezoea bendi inayopiga wimbo jukwaani vilevile ulivyo kwenye albamu, ubishi huu utakushangaza. Grateful Dead walikuwa wa aina nyingine. Wimbo kwao ulikuwa mlango tu wa kuingilia. Fikiria sebene ambalo halina mwisho uliopangwa: gitaa la Jerry Garcia linatoka nje ya wimbo, besi ya Phil Lesh inalifuata, wengine wanasikiliza na kujibu papo hapo. Wanaweza kurudi kwenye wimbo baada ya dakika kumi, au wakatokea kwenye wimbo mwingine kabisa.

Mfano ni "Dark Star". Kwenye santuri ya 1968 una urefu wa chini ya dakika tatu. Kwenye albamu yao ya laivu ya 1969 umefika dakika 23. Tarehe 27 Agosti 1972, kwenye uwanja wa wazi huko Veneta, Oregon, siku ya joto kali, walizidisha nusu saa.

Kwa hiyo tofauti kati ya usiku na usiku ni ya kweli kabisa. Hakuna anayebisha hilo. Tatizo linaanza pale tofauti hiyo inapotufikia kupitia mashine.

Kanda mbili za usiku mmoja

Bendi hii iliwaruhusu mashabiki kurekodi na kubadilishana kanda, mradi wasiziuze. Mwaka 1984 ikawatengea hata sehemu yao maalumu ukumbini. Matokeo yake ni kwamba usiku mmoja unaweza kuwa na rekodi za aina mbili.

Aina ya kwanza inatoka kwenye mikseri, ile meza ya fundi mitambo. Sauti inatoka kwenye maikrofoni za jukwaani na kuingia moja kwa moja kwenye kanda. Ni safi, lakini ina mtego. Kazi ya fundi ni kuongeza kile ambacho ukumbi hausikii vizuri. Katika ukumbi mdogo gitaa tayari linapiga kelele jukwaani, basi fundi analipunguza kwenye mitambo na kupandisha waimbaji. Waliopo ukumbini wanasikia mchanganyiko mzuri. Kanda, ambayo haisikii ukumbi, inabaki na waimbaji wakubwa na gitaa dogo kama linapigwa chumba cha pili.

Aina ya pili ni ya shabiki aliyenyanyua maikrofoni katikati ya watu. Hii inasikia ukumbi wote: mwangwi wa kuta, makofi, na jamaa wa pembeni anayeomba maji. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo shabiki aliye mita 30 kutoka kwenye spika anapokea kila noti ikiwa imechelewa kwa karibu elfu 87 za sekunde. Nyuma ya noti hiyo zinafuata nakala zake zilizogonga ukuta na dari, kila moja kwa muda wake. Ubongo wetu ukiwa ukumbini unazichuja vizuri, maana tuna masikio mawili na kichwa kinachogeuka. Kanda haina uwezo huo.

Wapo wanaochanganya rekodi zote mbili ili kupata usafi wa ya kwanza na uhai wa ya pili. Rahisi kusema! Zile elfu 87 za sekunde lazima zirudishwe nyuma kwanza. Halafu hakuna mashine mbili za kanda zinazozunguka kwa kasi ileile. Zikitofautiana kwa asilimia 0.1 tu, baada ya saa moja zitakuwa zimepishana kwa sekunde 3.6.

Mitambo yenyewe nayo iliacha alama. Mwaka 1974 bendi ilizunguka na ukuta wa spika zaidi ya 500, uliosimamishwa nyuma ya wanamuziki wenyewe. Kwa kawaida, ukiweka maikrofoni mbele ya spika unapata ule mlio wa kutoboa masikio, kwa sababu sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni na kuzunguka tena na tena. Walichofanya ni kumpa kila mwimbaji maikrofoni mbili zilizopangwa pamoja, moja ikiwa imegeuzwa ishara yake: wimbi linalopanda linageuka linaloshuka. Sauti ya ukuta inazifikia zote mbili karibu sawa, kwa hiyo zinafutana. Mwimbaji anaimbia moja tu, kwa hiyo sauti yake inabaki. Fizikia safi sana. Lakini kufutana huku hakuchagui vizuri, na sehemu ya sauti nene ya mwimbaji inaondoka nayo. Ndiyo maana mashabiki wengi hulalamika kwamba rekodi za 1974 zina waimbaji wembamba. Waimbaji hawakukonda. Ni hesabu ya mawimbi.

Nakala ya nakala ya nakala

Kabla ya intaneti, kanda ilitembea kwa posta. Wewe unanakili kwangu, mimi nilinakili kwa fulani, naye kwa fulani. Kila kaseti inaongeza ule mvumo wake, "shhhh", unaotokana na chembechembe za sumaku kwenye utepe.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila kunakili kunaongeza kiasi kilekile cha nguvu ya kelele. Ukiwa na vizazi viwili, kelele imekuwa mara mbili ya kizazi kimoja, yaani imepanda desibeli 3. Vizazi vinne ni desibeli 6. Vizazi vinane ni desibeli 9. Muziki haujapanda hata kidogo, kelele ndiyo inapanda. Noti za chini kabisa, yale maeneo ambapo bendi inanong'ona kabla ya kulipuka, ndizo zinazozama kwanza. Kama ndege wangu wa mbali.

Kasi nayo ina mchango. Mashine ikizunguka haraka kwa asilimia 3, muziki wote unapanda karibu robo toni na wimbo wa dakika 20 unafupika kwa zaidi ya nusu dakika. Msikilizaji hasemi "mashine imeharakisha". Anasema "usiku ule walikuwa na moto".

Mwanamke aliyekuwa na masikio

Hapa ndipo tunafika 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca. Usiku ule theluji ilianguka, ingawa ilikuwa Mei. Kwa mashabiki wengi hili ndilo onyesho bora kuliko yote, na Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi yake kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa za mwaka 2011.

Aliyerekodi alikuwa Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti wa bendi. Yeye hakuchukua tu kile kilichokuwa kinakwenda ukumbini. Alichanganya sauti kwa ajili ya kanda yenyewe. Yaani ule mtego nilioueleza juu, wa gitaa dogo na waimbaji wakubwa, aliuruka. Kanda zake za masika ya 1977 ni safi, pana, kila chombo kina nafasi yake.

Miaka ya 80 akakwama kifedha, akashindwa kulipia ghala alimohifadhi kanda zake. Mwaka 1986 zikauzwa kwa mnada. Kanda ambazo zingeweza kuishia jalalani zikaangukia mikononi mwa wageni, na nakala nyingi za usafi usio wa kawaida zikaanza kuzunguka kwa wabadilishanaji. Toleo rasmi la Cornell lilisubiri hadi 2017, miaka 40 baada ya usiku wenyewe.

Unaona sasa shida? Onyesho linaloitwa bora ni lilelile lenye rekodi bora, iliyosambaa sana. Sisemi halikuwa zuri. Nimelisikiliza mara nyingi, na pale "Scarlet Begonias" inapoyeyukia "Fire on the Mountain" huwa naacha ninachofanya. Ninachosema ni kwamba vitu viwili vimefungwa kamba moja, na ukivuta kimoja kinakuja na cha pili.

Na kama sote tunafuatana?

Kuna kamba ya tatu. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio kwenye jarida la Science. Waliwapa watu zaidi ya 14,000 nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi walichagua bila kuona wengine wamechagua nini. Wengine waligawanywa kwenye "dunia" nane, na kila dunia iliona idadi ya upakuaji wa watu wake yenyewe.

Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini washindi walitofautiana kutoka dunia moja hadi nyingine. Nyimbo bora sana zilifanya vibaya mara chache, mbaya sana zilifanya vizuri mara chache, ila kwa zile zilizobaki katikati lolote liliweza kutokea. Bahati ndogo ya mwanzoni ilikua kama mpira wa matope.

Tumia hilo hapa. Bendi ilipiga Boston tarehe 7 Mei, Cornell tarehe 8, Buffalo tarehe 9. Wapo mashabiki wazoefu wanaoapa kwamba Buffalo ilikuwa kali zaidi. Lakini mgeni akija anaambiwa "anza na Cornell". Anaanza nayo, anaizoea, na tangu kazi ya Robert Zajonc ya 1968 tunajua kwamba kukizoea kitu peke yake kunatosha kukufanya ukipende zaidi. Kisha naye anamwambia anayefuata: anza na Cornell.

Tungepimaje basi?

Ningefanya kile nilichofanya na misitu yangu: kubadilisha maikrofoni. Muziki wa 1977 hatuwezi kuurekodi upya, lakini tunaweza kulinganisha aina moja kwa aina moja. Kanda ya Betty kwa kanda ya Betty: Boston, Cornell na Buffalo zote anazo, siku tatu mfululizo, bendi ileile. Kanda ya shabiki kwa kanda ya shabiki.

Unaweza kufanya leo na rafiki yako. Yeye achague kipande cha wimbo mmoja kutoka usiku mbili bila kukuambia ni upi. Asawazishe sauti kwanza, maana masikio hupendelea kilicho juu hata kwa desibeli moja tu bila wewe kujua. Wewe andika unachopenda, kisha ufunue. Na kama unajisifu kwamba Cornell unaitambua popote, mwambie akujaribu mara kumi. Kwa kubahatisha tu, uwezekano wa kupata tisa au zaidi ni 11 kati ya 1,024, karibu asilimia 1. Ukipata sita, tulia.

Mimi nilijaribiwa na mwenzangu wa maabara. Katika vipande kumi nilivyopewa kuchagua kati ya Cornell na Buffalo, Cornell nilichagua mara nne. Nimekuwa nikiwaambia watu ni onyesho bora kwa miaka mitatu.

Rasimu yangu ya shahada niliiandika upya. Sura ya nne, ile niliyokuwa najivunia, ikawa sura kuhusu maikrofoni. Msimamizi wangu alisema ndiyo sura nzuri kuliko zote. Bado sijui kama alikuwa ananiliwaza, na hapo sina mtu wa kunisawazishia sauti.