Je, wajua mguu wako ndio unaochagua baiskeli ya mlima?

Ukipanda kutoka Sanawari kwenda Ilboru, au ukiingia msitu wa Olmotonyi juu ya Ngaramtoni, magoti ndiyo hutangulia kulalamika. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kinapita mita 4,500. Miteremko iliyo juu ya jiji ni migomba, kahawa, makorongo na vumbi la volkano ambalo masika hugeuka utelezi. Baiskeli isiyokutosha hujulikana huko mapema.

Wengi wetu hununua za mtumba. Tunajaribu breki, tunahesabu gia, tunabishania bei. Saizi ya fremu hatuiulizi, ilhali kiti hupandishwa, usukani hubadilishwa, tairi hununuliwa, na fremu hubaki ile ile.

Urefu wa mtu peke yake hautoshi kuchagulia saizi. Wawili wenye sentimita 170 kila mmoja, huyu ana miguu mirefu, yule kiwiliwili kirefu. Pima mguu, basi. Simama peku, mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka kigote juu kabisa, kisha pima kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata karibu 71, nao ndio umbali wa kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Kanuni hii ilienezwa na kocha Mfaransa Cyrille Guimard na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Ni ya baiskeli za lami, kwa hiyo ukianza kushuka mlima teremsha kiti kidogo.

Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjika kupita kiasi kila unaposukuma pedali. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huku.

Kisha simama ukiwa umeipanda fremu, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Mjini sentimita chache za nafasi juu ya bomba zinatosha. Mlimani ukisimama ghafla, mguu hutua upande wa bonde, ambako ardhi iko chini zaidi. Acha sentimita 5 au zaidi. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasimnunulie mtoto baiskeli kubwa kwa kusema atakua. Sisi tulijifunzia baiskeli ndefu za Phoenix kwa kupenyeza mguu chini ya bomba, ila uwanjani. Kwenye mteremko wa mawe, mtoto asiyefika chini hana pa kujishikiza.

Mwisho shika usukani. Viwiko vikunjike kidogo. Vikinyooka kabisa, fremu ni ndefu mno kwako.

Ukijikuta kati ya saizi mbili, kwa njia za Meru chukua ndogo. Kiti utakipandisha, lakini nguzo yake ina alama ya mwisho iliyochongwa. Alama hiyo ikionekana nje, nguzo inaweza kuvunjika au kupasua fremu. Hapo ndogo haikufai, chukua kubwa.