Kubadili tarehe ya safari hula faida

MFANYABIASHARA anayekwenda Dubai au Guangzhou kununua bidhaa huwa na sababu nyingi za kubadili tarehe ya safari: viza imechelewa, mzigo haujakamilika kiwandani, au wateja wa mkopo hawajalipa. Kubadili mara moja si neno. Kubadili mara kwa mara ni gharama ambayo wengi hawaiingizi katika bei ya bidhaa.

Gharama ya kwanza ni faini, ambayo tiketi nyingi za bei nafuu hutozwa kila tarehe inapobadilishwa. Ya pili, ambayo huweza kuwa kubwa zaidi, ni tofauti ya nauli. Viti vya daraja la kawaida havina bei moja. Hugawanywa katika mafungu, na yale ya bei ya chini huisha mapema. Anayehamisha tarehe hulipia fungu lililobaki siku hiyo. Bei hupanda hasa karibu na Maonyesho ya Canton, yaliyoanza Guangzhou mwaka 1957 na ambayo hufunguliwa Aprili na Oktoba.

Chukua mfano wa tiketi ya dola 650. Badiliko la kwanza: faini dola 80 na tofauti ya nauli dola 120. La pili: faini dola 80 na tofauti dola 50. Jumla ni dola 330, zaidi ya nusu ya tiketi, kabla ya kununua hata katoni moja.

Hatari kubwa zaidi ni kutofika uwanjani bila kufuta nafasi. Mashirika mengi hufuta safari yote iliyobaki, pamoja na ya kurudi.

Kuweka nafasi bila kulipa nako kuna matokeo. Shirika la ndege hulipia huduma ya mitambo ya kuweka nafasi, kama Amadeus na Sabre. Wakala anayeweka na kufuta safari ileile mara nyingi anaweza kuletewa hati ya madai, naye akamdai mteja au akakataa kumshikia kiti tena.

Kabla ya kulipa, mteja aulize faini ni kiasi gani na mwisho wa kubadili ni lini. Kama tarehe haina uhakika, tiketi ya bei ya juu isiyo na faini huenda ikawa rahisi zaidi. Gharama zote ziandikwe katika hesabu ya mzigo: mali bila daftari hupotea bila habari.