Mchanga wa Ras Kitau hauangalii uzani pekee

Ukivuka kwa mashua kutoka Shela hadi Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda iliyo ng'ambo ya mlango wa bahari, viatu vya visigino virefu viache nyumbani. Bibi aliyevivaa atazama kila hatua, hali mumewe, pengine mzito kuliko yeye, apita juu ya mchanga huohuo na kandambili zake bila taabu. Kwa nini?

Jibu ni eneo. Kani ikigawanywa kwa eneo inaloliangukia tunapata shinikizo. Vitabu vingine husema kanieneo, neno lililobeba maana yake lenyewe. Kipimo chake ni paskali, kwa jina la Mfaransa Blaise Pascal (1623-1662).

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 huikandamiza ardhi kwa kani ya niutoni 600 hivi. Tuseme nyayo zake mbili zina eneo la sentimita 300 za mraba: kila sentimita yabeba niutoni 2. Sasa nusu ya uzani wake iangukie kisigino chembamba cha sentimita 1 ya mraba. Hizo ni niutoni 300 mahali pamoja, mara 150 ya awali! Wenye sakafu za mbao huko mjini wanayajua makovu yake.

Mshona kofia wa Lamu huufaidi ukweli huohuo. Ncha ya sindano ni ndogo mno, basi msukumo mdogo watosha kupenya kitambaa. Lakini kitako cha sindano nacho ni chembamba, kingemtoboa yeye. Ndipo subana inapofaa, kuutandaza msukumo kidoleni. (Mzazi, hebu utazame ukanda wa mkoba wa mwanao. Ukiwa mwembamba kama kamba, mabega yanaumia.)

Penye hatari hasa ni kwenye tope. Manda ina mikoko mingi, na maji yakipwa, tope lake laweza kumnasa mtu magotini. Aliyenaswa huhangaika kuinua mguu mmoja, kumbe uzani wote wahamia mguu uliobaki, shinikizo laongezeka maradufu, naye azidi kudidimia. Afadhali ajilaze nyuma, atandaze mikono, autikise mguu taratibu mpaka uchomoke, kisha atambae. Akiwa na ubao, aulalie. Na asingoje maji yaanze kujaa.